Tani 14 kando ya lami: uchambuzi wa kisa cha gari-nyumba na huduma ya msaada wa barabarani

Wahusika ni mume na mke wastaafu. Gari lao ni gari-nyumba, yaani gari la safari lenye vitanda na jiko ndani, la dizeli, lenye urefu wa mita 12, injini iko nyuma, breki ni za upepo, na nyuma yake linavuta gari dogo la kutembelea. Ijumaa, saa nane na nusu mchana, wakiwa kwenye barabara kuu, kengele ya upepo ikaanza kulia kwenye dashibodi. Mzee alitupia jicho geji akaona mshale unashuka. Akawasha indiketa, akalitoa gari taratibu hadi kando ya lami, na kabla hajasimama sawasawa kitufe cha hendibreki kikaruka chenyewe. Magurudumu ya nyuma yakakaza. Gari halikusogea tena hadi usiku, liliponing'inizwa nyuma ya brekidauni ya tatu.

Kilichoharibika ni paipu ya upepo. Ilikuwa imepita karibu mno na kona ya chuma chini ya chesisi, ikasuguliwa kidogo kidogo hadi ikatoboka. Jumatatu fundi aliibadilisha kwa muda usiofika saa moja, na kazi kubwa haikuwa kuibadilisha bali kurudisha vitu vilivyofunguliwa ili gari livutwe.

Nimekaa na wenye gari, nimesoma mkataba wao wa huduma, na nimeona kumbukumbu za simu ambazo kampuni iliwapa walipodai. Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba simwoni mtu aliyekuwa na nia mbaya. Wenye gari walilipa ada yao kila mwaka bila kuchelewa. Mpokea simu alikuwa na adabu. Madereva wote watatu wa brekidauni walifika na walijaribu kusaidia. Lakini mchana mzima ukateketea, na ukiufuatilia kinyumenyume unafika mahali pamoja tu: dakika chache za simu ya kwanza.

Kwa nini gari liliganda

Bila kuelewa hili, mengine yote yataonekana ni bahati mbaya tu.

Katika gari dogo, breki hufanya kazi unapokanyaga pedali. Ukiacha, gari liko huru. Katika basi, lori na magari-nyumba makubwa, breki za maegesho za ekseli ya nyuma zimejengwa kinyume na hivyo. Ndani ya chemba, lile kopo la chuma la breki lililo karibu na gurudumu, kuna springi yenye nguvu kubwa sana, na kazi ya springi ile ni kufunga breki muda wote. Upepo ndio unaoisukuma irudi nyuma ili gurudumu lizunguke. Upepo ukiwa kamili, kwa kawaida kati ya psi 100 na 125 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), springi imelala. Upepo ukishuka kufikia karibu psi 60, kengele inalia. Ukiendelea kushuka hadi kati ya psi 45 na 20, springi inashinda, kitufe kinaruka, na breki zinajifunga.

Huo si ubovu. Ni ulinzi, na ulifanya kazi yake vizuri mchana ule: lori au basi linaloishiwa upepo linatakiwa lisimame, lisiteremke mlima bila breki. Lakini maana yake ni kwamba gari la namna hii haliwezi kuburutwa likiwa hivyo. Lazima mtu alijazie upepo kutoka nje, au akaifunge springi kwa boliti maalumu, chemba moja baada ya nyingine. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Springi ile ikifyatuka kwa sababu mtu amefungua chemba isivyopaswa, inaua.

Mzee alilijua hili vizuri kabisa. Aliendesha mabasi kabla ya kustaafu. Mpokea simu hakulijua, na hakuna sababu ya kumtegemea alijue.

Simu ya kwanza

Kwa maelezo ya mzee na kumbukumbu za kampuni, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Pole sana, mzee. Mko salama hapo mlipo?"

"Tuko salama, mwanangu. Gari limegoma."

"Ni gari la aina gani?"

"Gari-nyumba."

"Limepatwa na nini?"

"Breki zimejifunga. Haliendi mbele wala halirudi nyuma."

"Sawa, mzee. Nakutumia brekidauni sasa hivi. Ungependa lipelekwe wapi?"

Kila jibu hapo ni la kweli, na bado hakuna hata moja lililomsaidia mtu wa upande wa pili kuamua. "Gari-nyumba" linaweza kuwa kigari cha mita sita chenye tani tatu, ambacho brekidauni ya kawaida inakibeba bila taabu. Linaweza pia kuwa hili la mita 12 na tani 14. "Breki zimejifunga" kwa mtu aliyezoea simu za magari madogo ni hendibreki iliyoganda. Na lile swali la mwisho, lipelekwe wapi, ndilo lililofunga mlango mkubwa kuliko yote, kwa sababu lilikwisha kuamua kwamba gari linavutwa. Hakuna aliyeuliza kama linaweza kutengenezwa pale pale.

Kwenye kumbukumbu za kampuni, sehemu ya uzito ilikuwa tupu. Sehemu ya kimo tupu. Sehemu ya aina ya breki haikuwepo kabisa.

Hapa lazima nieleze jinsi huduma hizi zinavyofanya kazi, maana wengi wanaolipia hawajaelezwa. Kampuni unayoipigia simu mara nyingi haina brekidauni hata moja. Ina mtandao wa wenye brekidauni waliokubaliana nayo bei. Mpokea simu anajaza fomu kwenye kompyuta, fomu inatumwa kwa mmoja wa hao, naye anaikubali au anaikataa kwa kuangalia kilichoandikwa. Yeye haoni gari wala hamsikii mzee. Kilichoandikwa ndicho kinachochagua lori. Kwa hiyo simu ile ya kwanza ni sawa na cheti cha daktari kinachopelekwa duka la dawa: mwenye duka atatoa kilichoandikwa, hata kama mgonjwa aliye nje anaugua kitu kingine.

Na wenye brekidauni kubwa za malori ni wachache. Brekidauni ya kwanza kabisa, aliyoibuni Ernest Holmes mjini Chattanooga, jimbo la Tennessee nchini Marekani, mwaka 1916, ilikusudiwa kuinua magari madogo ya zama zile, na hadi leo brekidauni nyingi zinazozunguka barabarani ni za ukoo huo. Ya kuinua tani 14 ni mashine nyingine kabisa, na inatafutwa mbali. Usipoiomba tangu mwanzo, foleni yake inaanza kuhesabiwa saa utakapoiomba.

Mzee angesema nini basi? Nimemwuliza, tukaliandika pamoja, na kwa mtu mwenye gari la aina hii ningependa alikariri: "Ni gari-nyumba lenye chesisi ya basi, dizeli, injini nyuma. Urefu mita 12, kimo mita 3.8, uzito kamili tani 14. Breki ni za upepo na upepo umeisha, kwa hiyo halitasogea mpaka lipewe upepo au breki za springi zifungwe. Giaboksi ni otomatiki, propela shafti lazima ifunguliwe kabla ya kuvuta. Nasikia upepo unavuja upande wa nyuma kulia. Nahitaji kwanza fundi wa malori anayekuja barabarani. Akishindwa, nahitaji brekidauni ya malori makubwa."

Haimalizi hata dakika moja. Uzito uko kwenye kibao cha chuma karibu na kiti cha dereva. Kimo kipimwe mpaka juu ya kiyoyozi cha paani, maana kiyoyozi ndicho kinachogonga daraja. Yote yaandikwe kwenye kadi na kadi ikae kwenye kizuia jua, kwa sababu mtu aliyesimama kando ya barabara huku malori yanampita kwa kasi husahau hata namba ya gari lake mwenyewe.

Lakini sitaki mzigo wote umwangukie mwenye gari. Kampuni inayouza huduma ya magari-nyumba, na kutoza zaidi kwa ajili hiyo, ina wajibu wa kuuliza uzito kabla ya kuuliza jina la gereji. Ni swali moja. Kutoliuliza ni kumuuzia mtu kitu usichojiandaa kukitoa.

Mbili zilizorudi tupu

Brekidauni ya kwanza ilifika saa kumi na moja jioni. Ilikuwa ile ndogo ya kunyanyua magurudumu ya mbele. Kijana aliyeiendesha alishuka, akatembea hadi nyuma ya gari-nyumba, akarudi akitikisa kichwa. "Mzee, hili likiinuka, mimi ndiye nitakayening'inia." Alikuwa mkweli, na nampongeza kwa kutojaribu. Alipiga simu ofisini kwake, ofisi ikaiarifu kampuni kwamba gari ni "kubwa". Neno hilo hilo, kubwa, bila namba.

Kwa hiyo ikatumwa kubwa zaidi: lori lenye kitanda bapa kinacholala nyuma ili gari lipande juu. Lilifika saa moja kasoro jioni. Vitanda vingi vya namna hiyo hubeba karibu tani tano. Hata kama kingebeba kumi na nne, hesabu ya kimo inatosha kulikataa: kitanda kiko karibu mita moja kutoka ardhini, gari-nyumba ni mita 3.8, jumla ni karibu mita tano. Nchi nyingi za Ulaya zina kikomo cha mita 4 barabarani, na majimbo mengi ya Marekani huishia futi 13 na inchi 6, yaani kama mita 4.1. Daraja la kwanza lingekwangua paa lote.

Afande auliza swali

Kati ya hizo mbili, polisi wa barabarani alikuwa ameshafika. Alikuta mambo ya usalama yamefanywa inavyotakiwa. Taa za hazadi zilikuwa zinawaka, mama alikuwa nje ya gari, nyuma ya ukingo wa chuma, na pembetatu zilikuwa zimepangwa mbali. Mzee alizipanga kama alivyozoea kazini, ya mwisho mbali kabisa nyuma ya gari. Sheria ya malori ya Marekani, kwa barabara za upande mmoja au zilizogawanywa, hutaka zikae futi 10, 100 na 200 kuelekea magari yanakotokea, na 200 ni mita 60 hivi. Watu wengi huweka pembetatu hatua tano tu kutoka kwenye gari, ambapo dereva anayekuja kwa kasi anaiona anapokuwa amekwisha kufika.

Afande alikuwa mpole lakini alisema wazi: lori la kitanda likishindwa, na gari likiwa bado lipo saa tatu usiku, ataita brekidauni iliyo kwenye zamu ya polisi. Hapa pana mtego. Mikataba ya msaada wa barabarani kwa kawaida inalipia tu kazi ambayo kampuni yenyewe imeiidhinisha na kuipa nambari. Ikija brekidauni nyingine, mwenye gari analipa mfukoni, kisha anaandika barua kuomba arudishiwe, bila uhakika. Na brekidauni ya tani 14 usiku wa Ijumaa si gharama ndogo popote duniani.

Mama ndiye aliyefanya jambo la maana kuliko yote siku ile. Lori la kitanda liliposhindwa, hakuanza kugombana na mpokea simu. Alimwomba msimamizi wa zamu, na msimamizi alipopokea akampa afande simu. Afande aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu saa nane na nusu: "Hili gari lina tani ngapi?"

Mzee akasoma kibao. Tani 14. Msimamizi akanyamaza kidogo, akaandika, na ndani ya robo saa jina la mwenye brekidauni kubwa likapatikana, pamoja na muda wa kufika na nambari ya idhini. Afande alipoona kuna nambari na muda, akakubali kusubiri. Alibaki pale na taa zake zikiwaka nyuma ya gari, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Madereva wa brekidauni hugongwa wakiwa kazini kando ya barabara, na ndiyo maana majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria inayowataka wapitao wahame njia au wapunguze mwendo. Gari la polisi lenye taa linafanya kazi ambayo pembetatu haiwezi.

Ninasisitiza kuhusu msimamizi. Mpokea simu wa kwanza ana uwezo mdogo wa kubadilisha kilichokwisha kutumwa. Safari moja ikishindikana, usikubali kutumiwa nyingine kabla hujazungumza na mtu mwenye mamlaka ya kuifuta fomu na kuijaza upya.

Brekidauni ya tatu

Ilifika saa nne usiku. Dereva wake alikuwa mtu wa makamo, na aliposhuka hakugusa kitu. Alimsalimia mzee, akauliza, "Shikamoo. Upepo umeisha wote, au kuna uliobaki?" Mzee aliniambia kwamba kwa swali hilo tu alijua amepata mtu.

Akaweka vizuizi vya magurudumu mbele na nyuma. Akalala chini kwenye kipande cha turubai, tochi mdomoni. Magari mengi ya aina hii yana kiungio cha kujazia upepo karibu na bampa ya mbele, kimewekwa kwa kazi hii hii. Akaunganisha mpira kutoka kwenye lori lake, akafungulia. Upepo ukaingia, na papo hapo ukasikika ukitoka upande wa nyuma kulia, sauti kali ya kupuliza isiyo na shaka. Akatambaa hadi pale, akaweka kiganja. "Ni paipu hii, mzee. Imeliwa na chuma."

Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Saa nne usiku mtu aliyekuwa na tochi na kiganja aliupata ubovu kwa dakika chache. Mafundi wa malori wanaotembea barabarani hubeba paipu za upepo na viungio vyake, kwa sababu ubovu huu ni wa kila siku katika kazi yao. Fundi wa namna hiyo angeitwa saa tisa alasiri, gari lingeondoka kwa injini yake kabla jua halijazama. Dereva wa brekidauni hakuwa na paipu, na hata angekuwa nayo, kazi aliyoidhinishiwa ilikuwa ya kuvuta. Mkataba wenyewe una kifungu cha fundi wa kuja barabarani. Nimekisoma. Hakikutumika kwa sababu hakuna aliyekiomba wala aliyekitaja.

Kwa kuwa tundu lilikuwa kubwa na upepo haukukaa, aliamua kuzifunga springi. Kila chemba ya nyuma ina boliti yake ndefu iliyohifadhiwa kwenye mfuko wa pembeni. Aliichomoa, akaipitisha kwenye tundu la katikati, akaizungusha robo hadi ikashika, kisha akakaza nati kwa spana taratibu huku akiangalia fimbo ya breki ikirudi. Akafanya upande wa pili. Kuanzia hapo gari halikuwa na hendibreki kabisa, na lilishikiliwa na vizuizi peke yake. Akaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, "BREKI ZA NYUMA ZIMEFUNGWA KWA BOLITI", akaibandika kwenye usukani. Ningetamani kila dereva awe na tabia hiyo. Fundi asiyejua anaweza kuondoa kizuizi akidhani hendibreki imeshika, na tani 14 zikaanza kutembea.

Kisha propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka mzunguko wa giaboksi kwenye magurudumu ya nyuma. Giaboksi ya otomatiki hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Ukivuta gari injini ikiwa imezimwa na shafti ikiwa mahali pake, magurudumu yanaizungusha giaboksi kwa ndani bila mafuta kufika, na safari ya kilomita chache inatosha kuiunguza. Yuko dereva mwenye haraka atakayekuambia ni karibu, haina haja. Mkatalie. Huyu wetu hakuhitaji kuambiwa. Alichora alama ya chaki mahali shafti inapokutana na difu ili irudishwe kama ilivyokuwa, akafungua boliti, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga kwenye shafti yenyewe.

Akaliinua kutoka mbele, kidogo tu. Gari lenye injini nyuma lina mkia mrefu unaozidi ekseli, na kila unapopandisha pua, mkia unashuka. Alipima kwa mkono nafasi iliyobaki kati ya bampa ya nyuma na lami, akaondoa mpira wa matope, akaunganisha taa za nyuma zinazofuata taa za lori lake. Mzee muda wote huo alikuwa akipiga picha: pande zote nne, bampa, chini ya pua, kibao cha uzito, namba ya lori, na karatasi ya kazi kabla hajaitia sahihi. Gesi ya jiko ilikuwa imefungwa tangu mchana.

Gari dogo lilikuwa zima. Mama aliliendesha nyuma yao.

Gereji yenye uwezo

Mkataba unasema gari litapelekwa "gereji iliyo karibu yenye uwezo wa kulitengeneza". Kwenye fomu, tangu simu ya kwanza, ilikuwa imejazwa gereji ya magari-nyumba iliyo kilomita 20 mbele, kwa sababu mzee alipoulizwa aliitaja hiyo aliyokuwa ameiona kwenye bango. Dereva wa tatu aliijua. Wanaziba mapaa yanayovuja, wanatengeneza friji, pampu za maji na madirisha. Breki za upepo hawagusi. Gari lingeshushwa pale, Jumatatu lingehitaji kuvutwa tena, na uvutaji wa pili kwa tukio lile lile haumo kwenye mkataba.

Gari-nyumba ni magari mawili yaliyopandana, nyumba juu na lori chini, na watu wanaojua moja mara nyingi hawajui lingine. Kwa hiyo neno linalobeba uzito katika kifungu kile ni "uwezo", na "karibu" linakuja baada yake. Gereji ya malori na mabasi ilikuwa kilomita 45. Mzee alipiga simu kwa msimamizi yule yule, akamweleza, na akakataa gari lianze kuvutwa mpaka jina la gereji mpya liandikwe chini ya nambari ya idhini na asomewe. Yalikuwa mazungumzo ya dakika tano na yalimwokolea siku nzima.

Walifika baada ya saa sita usiku, geti limefungwa. Mlinzi aliwapigia wenyewe, wakaruhusiwa kuingia uani. Magurudumu yakawekewa vizuizi, karatasi ikabaki kwenye usukani, na wakalala ndani ya gari lao hadi Jumatatu.

Madai

Kampuni ililipia brekidauni ya tatu yote bila ubishi, kwa sababu idhini ilikuwepo kabla ya kazi. Zile mbili zilizorudi tupu hazikumgusa mzee. Ililipia pia kilomita za ziada hadi gereji ya pili, kwa kuwa msimamizi alikuwa ameziandika.

Ilikataa mambo mawili. La kwanza ni gharama ya kurudisha propela shafti na kutoa boliti za springi. Jibu lilisema hiyo ni kazi ya gereji, na mkataba haulipii matengenezo. Mzee hakukubali. Aliandika barua ya pili akieleza kwamba shafti haikuwa mbovu, ilifunguliwa kwa sababu ya kuvuta, na kuirudisha ni sehemu ya uvutaji ule ule. Akaambatisha picha, karatasi ya kazi ya dereva iliyoorodhesha vyote viwili, na ankara ya gereji ambayo aliomba itenganishe paipu iliyobadilishwa na vitu vilivyorudishwa. Ankara ile iliyotenganishwa ndiyo iliyobadilisha jibu. Kampuni ikalipa sehemu ya kurudisha, yeye akalipa paipu, na nadhani huo ndio mgawanyo wa haki. Ingekuja ankara ya jumla, sidhani angepata kitu.

La pili ni fidia ya safari iliyokatishwa. Kifungu kinataka gari liwe limeharibikia zaidi ya kilomita 160 kutoka nyumbani na mwanachama awe na risiti za malazi. Hawakuwa na kimoja wala kingine, na mzee hakulifuatilia.

Nilichomshauri afuatilie ni kumbukumbu yake ya uanachama, kwa sababu hiyo ndiyo inayomfungukia mpokea simu kabla mwenye gari hajasema neno. Aliomba iandikwe humo uzito, urefu, kimo, breki za upepo, injini nyuma, na maneno "ulizia fundi wa malori kwanza". Walimwambia fomu yao haina nafasi ya aina ya breki. Akaomba iandikwe kwenye maelezo ya ziada, akasubiri kwenye simu hadi yakasomwa, akamsahihisha mpokea simu alipotaja tani nne badala ya kumi na nne, na akaomba asomewe tena.